Goti linauma, lakini ugonjwa uko kwenye nyonga

Wiki hii naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mpya katika hospitali moja ya wilaya, mama mmoja aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka 12. "Dokta, goti la huyu mtoto linamsumbua huu mwezi wa pili sasa," aliniambia. "Akienda kucheza mpira anarudi anachechemea." Mtoto alinipa shikamoo, akapanda kitandani. Nilipomuuliza anaumwa wapi, alishika goti la kushoto, juu kidogo ya pia ya goti, upande wa ndani.

Nililipima goti lile kwa makini. Halikuwa limevimba, halikuwa na joto, lilikunjika na kunyooka bila shida. Nikaagiza picha ya eksirei ya goti, ikarudi safi. Nikaandika dawa ya kutuliza maumivu, nikamwambia mama kwamba mtoto yuko kwenye kukua na apumzike mpira kwa muda. Mama akashukuru, wakaondoka.

Wiki tano baadaye walirudi. Safari hii mtoto alikuwa amebebwa. Asubuhi ile aliteleza kidogo tu uani akitoka kuoga, akashindwa kunyanyuka. Mguu wa kushoto ulionekana mfupi kuliko wa kulia na unyayo wake umegeukia nje. Daktari mkubwa wangu alimtazama mara moja akaagiza picha ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeachana na shingo yake. Goti lilikuwa zima tangu siku ya kwanza. Ugonjwa ulikuwa juu, mahali ambapo mimi sikugusa.

Mtoto alipelekwa hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji. Lakini kichwa cha mfupa kilikuwa kimeshakosa damu kwa muda, sehemu yake ikafa. Alipona akatembea, ila kwa kuchechemea, na nyonga yake ilianza kusagika kabla hajamaliza sekondari. Kama ningempima nyonga siku ile ya kwanza, huenda angewekewa skrubu moja na kurudi shuleni baada ya muda mfupi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukisahau yote utakayosoma leo, bakiza hili moja: mtoto akilalamika goti au paja, nyonga nayo lazima ipimwe. Nitakueleza kwa nini, na nini ufanye.

NYONGA IKO WAPI HASA?

Ukimwambia mtu ashike nyonga yake, wengi hushika mfupa ule wa pembeni chini ya kiuno, pale mama anapompakata mtoto. Ule ni ukingo wa fupanyonga tu. Kiungo chenyewe cha nyonga kimezama ndani zaidi, nyuma ya kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Ndiyo maana maumivu ya kweli ya nyonga mara nyingi husikika kinenani, wala si pembeni. Maumivu ya makalio kwa mtu mzima mara nyingi hutoka mgongoni.

Kiungo hiki kimeundwa kama mchi mfupi wenye kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe. Kikombe kiko kwenye fupanyonga. Kichwa ni ncha ya juu ya mfupa wa paja. Umbo hili ndilo linalokuwezesha kuchuchumaa, kukaa mkeka, kusujudu, kupanda daladala na kupiga mpira. Kikombe kina kina kirefu, hivyo nyonga ni imara na si rahisi kuchomoka kama bega.

Chini ya kichwa kuna shingo, kisha mfupa wenyewe unashuka hadi gotini. Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini. Urefu wake ni karibu robo ya kimo cha mtu. Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 ana mfupa wa paja wa takriban sentimita 45.

Gotini, ncha ya chini ya mfupa wa paja inakaa juu ya mfupa mkubwa wa mundi. Kati yao kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinavyopunguza msuguano na kubeba uzito. Mbele kuna pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa. Hii imeshikwa na misuli mikubwa ya mbele ya paja, na kazi yake ni kuipa misuli hiyo nguvu zaidi ya kunyoosha mguu. Pia ya goti ya mtoto mdogo ni gegedu tupu. Huanza kuwa mfupa kati ya miaka 3 na 6. Kwa hiyo ukiona picha ya eksirei ya mwanao wa miaka 2 haina pia ya goti, usishtuke. Ipo, ila eksirei haioni gegedu.

MFUPA WA MTOTO SI MFUPA WA MTU MZIMA

Mambo mawili yanaitofautisha nyonga ya mtoto na yako wewe mzazi.

La kwanza ni gegedu la ukuaji. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu ambapo mfupa mpya hutengenezwa. Mfupa wa paja unalo juu, chini kidogo ya kichwa, na unalo chini karibu na goti. Lile la chini ndilo linalofanya kazi kubwa zaidi. Takriban asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja hutoka pale gotini. Mtoto anapomaliza kukua, gegedu hizi hugeuka mfupa na kufungana. Kabla ya hapo ndipo penye udhaifu, na ule wa juu hubeba uzito wa mwili mzima kwa mshazari.

La pili ni damu. Kichwa cha mfupa wa paja hupata damu yake kupitia mishipa midogo sana inayopanda juu ya shingo, ndani ya mfuko unaokizunguka kiungo. Hakina njia nyingine ya kutosha. Mishipa hiyo ikibanwa, ikivutwa au ikikatika, kichwa kinabaki kama shamba ambalo mfereji wake umezibwa. Usaha ukijaa kwenye mfuko, unaibana. Kichwa kikiteleza, kinaivuta. Selimundu inaiziba. Magonjwa ni tofauti, ila madhara yake ni yaleyale: kichwa kukosa damu na kufa. Kwa ajili hiyo kuchelewa kwenye nyonga hugharimu zaidi kuliko kuchelewa kwenye viungo vingine vingi.

KWA NINI GOTI LINALIA KWA NIABA YA NYONGA?

Mishipa mitatu mikubwa ya fahamu hushuka kutoka mgongoni kwenda mguuni. Mmoja hupita mbele ya paja, mmoja ndani ya paja, na mmoja, ulio mkubwa kuliko yote, hupita nyuma kupitia makalioni. Yote mitatu hutoa matawi kwenye nyonga, na yote mitatu hutoa matawi kwenye goti. Ule wa ndani ya paja hupita jirani kabisa na kiungo cha nyonga kabla ya kupeleka hisia kwenye ngozi ya ndani ya paja karibu na goti.

Zaidi ya miaka 160 iliyopita, daktari wa upasuaji wa Uingereza, John Hilton, alieleza kwamba mshipa wa fahamu unaohudumia kiungo huhudumia pia misuli inayokiendesha na ngozi iliyo juu yake. Kanuni hiyo hadi leo hufundishwa vyuoni kwa jina lake. Mimi niliijua siku ile niliyompima yule mtoto. Niliijibu kwenye mtihani. Sikuikumbuka mbele ya mgonjwa.

Fikiria vyumba viwili vya kupanga vinavyotumia LUKU moja. Umeme ukiisha, huwezi kujua kwa kuitazama mita ni mpangaji yupi aliyeumaliza. Ubongo nao hupokea taarifa ya maumivu kupitia njia ileile, ukadhani imetoka gotini. Mtoto hadanganyi anaposhika goti. Anakuonyesha mahali anaposikia maumivu kweli. Ila chanzo kiko chumba cha pili.

KILA UMRI NA UGONJWA WAKE

Uzuri ni kwamba magonjwa ya nyonga ya watoto hufuata umri kwa kiasi kikubwa. Mzazi akijua umri wa mwanae, anajua nini cha kuogopa zaidi.

Mtoto mchanga hadi miaka 3. Hapa hatari kubwa ni usaha ndani ya kiungo. Bakteria husafiri na damu, kutoka kwenye kidonda, jipu, kitovu au mahali pengine, na kutua kwenye nyonga. Mtoto mchanga hawezi kusema goti wala nyonga. Utaona mguu mmoja hauchezi kama mwenzake, kana kwamba umepooza. Atalia sana ukimbadilisha nepi au ukimnyanyua. Huweka paja limekunjwa na limeelekea nje, kwa sababu mkao huo huupa usaha nafasi na kupunguza maumivu. Anaweza kukataa kunyonya. Homa inaweza kuwepo, na kwa mchanga kabisa inaweza isiwepo.

Mtoto mkubwa kidogo mwenye usaha nyongani ana homa na hukataa kabisa kukanyaga. Hili, msomaji wangu, halisubiri kesho. Usaha hula gegedu na kubana mishipa ya damu, na tunahesabu saa, si siku. Tiba ni kufungua na kusafisha kiungo chumba cha upasuaji, pamoja na dawa za mishipani. Vidonge vya dukani haviwezi kukausha usaha ulio ndani ya nyonga. Vinapoza homa kwa siku mbili tatu, mzazi anafarijika, huku kiungo kinaharibika kimyakimya.

Kwa kuwa nimewataja wachanga, niwatulize pia kina mama wa mbeleko. Kumbeba mtoto mgongoni, mapaja yakiwa yamepanuka na kukunjwa kuzunguka kiuno chako, ni mkao mzuri kwa nyonga zake, kwa sababu vichwa vya mifupa hukaa katikati ya vikombe. Kinachodhuru ni kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ukimfunika na kanga, mwachie miguu nafasi ya kucheza.

Miaka 3 hadi 10. Sababu ya kawaida zaidi ya nyonga kuuma katika umri huu ni uvimbe wa muda wa ngozi laini ya ndani ya kiungo. Mara nyingi huja baada ya mafua. Mtoto huamka asubuhi anachechemea, hana homa kubwa, anacheza akiwa amekaa, na ndani ya wiki moja au mbili anapona kwa kupumzika na dawa ya maumivu. Lakini daktari ndiye wa kusema ni huo, baada ya kuhakikisha si usaha.

Katika umri huu pia kuna ugonjwa uitwao Perthes, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu bila sababu inayojulikana. Huwapata zaidi wavulana, na mtoto huweza kuchechemea miezi mingi bila maumivu makali. Si wa kawaida sana kwa watoto wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo kwetu, picha ikionyesha kichwa cha mfupa kilichokosa damu, swali la kwanza ni selimundu. Hilo nitalirudia hapa chini.

Miaka 10 hadi 16. Huu ndio umri wa mgonjwa wangu. Katika kipindi cha kurefuka haraka, gegedu la ukuaji la juu huweza kushindwa kushika. Shingo ya mfupa husogea, kichwa kikabaki nyuma ndani ya kikombe. Huwapata zaidi wavulana, na zaidi watoto wenye uzito mkubwa, ingawa mwembamba naye hukumbwa. Mara nyingi huanza polepole, kwa wiki au miezi: maumivu ya kinena, paja au goti yanayokuja na kuondoka, kuchechemea jioni baada ya michezo, unyayo kugeukia nje. Kisha siku moja, kwa kujikwaa tu, kinateleza chote.

Tiba yake ikiwahiwa ni kuweka skrubu inayoshikilia kichwa kisisogee zaidi. Upande wa pili nao huangaliwa kwa karibu, kwa sababu kwa baadhi ya watoto nyonga zote mbili huteleza. Ikitokea kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, daktari huchunguza pia homoni, hasa za tezi ya shingo, na figo.

Umri wowote: selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Chembe nyekundu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo, na mishipa ya kichwa cha mfupa wa paja ni kati ya inayoathirika zaidi. Kijana mwenye selimundu huzoea maumivu, na familia nayo huzoea kusikia "ni zile za kawaida." Lakini maumivu ya kinena, paja au goti yanayodumu wiki kadhaa, au yanayozidi akikanyaga, si ya kawaida. Yanahitaji picha ya nyonga. Na maumivu yenye homa na uvimbe sehemu moja ya paja huweza kuwa maambukizi ndani ya mfupa, ambayo watoto hawa huyapata kwa urahisi kuliko wengine.

Umri wowote pia: kifua kikuu cha nyonga. Huyu huja taratibu. Mtoto anachechemea miezi, anapungua uzito, anastuka usiku akilia. Ukiwa na mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, mwambie daktari bila kusubiri kuulizwa.

KUNA WAKATI TATIZO NI GOTI KWELI

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani goti haliugui. Wapo vijana wanaocheza sana mpira, netiboli au riadha wanaopata uvimbe mgumu wenye kuuma ukiubonyeza, chini kidogo ya pia ya goti. Kano kubwa ya goti huvuta mahali ambapo mfupa wa mundi bado unakua. Hupungua kwa kupumzika michezo na huisha mtoto anapomaliza kukua.

Lakini uvimbe wa mfupa ulio juu kidogo au chini kidogo ya goti, unaoendelea kukua wiki hadi wiki na kuuma usiku, ni jambo jingine kabisa. Saratani ya mifupa ya vijana hupenda sana kuanzia pale, karibu na lile gegedu la ukuaji linalofanya kazi kubwa. Uvimbe wa namna hiyo usichuliwe. Upelekwe hospitali.

Na yale "maumivu ya kukua" niliyomsingizia mgonjwa wangu? Yapo, ila yana tabia zake. Huja jioni au usiku, miguu yote miwili, mara nyingi mapajani au kwenye mundi, mtoto wa kati ya miaka 3 na 12. Ukimkandakanda anatulia. Asubuhi anaamka na kukimbia kama kawaida. Hachechemei. Mtoto anayeumwa mguu mmoja tu, au anayechechemea mchana, hana maumivu ya kukua mpaka daktari athibitishe kwamba hakuna kingine.

UNACHOWEZA KUTAZAMA NYUMBANI

Kama mtoto anaweza kutembea mwenyewe, mtazame akitembea uani bila viatu, akienda na kurudi. Usimwambie unachotafuta. Je, anakaa muda mfupi zaidi kwenye mguu mmoja? Unyayo mmoja umegeukia nje kuliko mwingine? Mwili unainamia upande mmoja?

Kisha mlaze chali, naye mwenyewe akunje paja moja kuelekea tumboni, halafu la pili. Kwa kawaida goti huja moja kwa moja kuelekea kifuani au begani. Nyonga iliyoteleza hulazimisha goti kukimbilia nje kila anapokunja.

Mwisho mlaze kifudifudi, akunje magoti ili nyayo zitazame juu, kisha aachie miguu ianguke nje, mmoja kulia na mwingine kushoto. Miguu yote miwili inapaswa kuanguka kiasi kinacholingana. Mguu unaokataa au unaouma una nyonga isiyozunguka kuelekea ndani, na hiyo ni kati ya dalili za mwanzo za ugonjwa wa nyonga.

Usimlazimishe, usimvute, wala usirudierudie kwa kuwaonyesha majirani. Na kama mtoto hawezi kukanyaga kabisa, usifanye vipimo hivi. Mwache alale kwa mkao unaompa nafuu, mpeleke hospitali. Kumbuka pia kwamba vipimo hivi vikiwa sawa havimaanishi mtoto ni mzima. Vinakusaidia tu kujua cha kumwambia daktari.

YA KUEPUKA

Kuchua na kuvuta. Naheshimu mikono ya bibi zetu, na kwa misuli iliyochoka inasaidia. Lakini kichwa cha mfupa kilichoanza kuteleza kikivutwa, huachia moja kwa moja. Usaha ukichuliwa, maumivu na madhara huongezeka.

Dawa ya maumivu ya wiki nyingi bila uchunguzi. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto si kosa mkiwa njiani kuja hospitali. Kosa ni kuirudia mwezi mzima kwa sababu "ikipoa anacheza." Aspirini usimpe mtoto bila kuandikiwa.

Antibiotiki za kununua dukani. Nimeshaeleza: huficha usaha na hauondoki.

Kumlazimisha kutembea "ili azoee." Mtoto wa miaka 13 anayeshukiwa nyonga kuteleza hatakiwi kukanyaga mguu ule hata hatua moja. Abebwe, apandishwe bajaji au gari, afike akiwa amelala au amekaa.

NENDA LINI, NA USEME NINI?

Nenda leo hii, hata kama ni usiku, iwapo mtoto ana homa na hataki kukanyaga, iwapo mchanga hachezeshi mguu mmoja, au iwapo mtoto aliyekuwa akichechemea ghafla ameshindwa kusimama.

Nenda ndani ya siku chache iwapo anachechemea zaidi ya siku mbili tatu bila sababu ya wazi, maumivu ya goti, paja au kinena ya upande mmoja yanajirudia, au anaamshwa na maumivu usiku.

Ukifika, eleza tangu lini, upande gani, kama kulikuwa na homa, mafua au kuanguka, na kama kuna selimundu au kifua kikuu kwenye familia. Kisha sema kwa upole: "Daktari, naomba umpime na nyonga pia." Si utovu wa adabu. Mimi ningeshukuru sana kama mama yule angenikumbusha.

Picha ikihitajika, iwe ya nyonga zote mbili, kwa mbele na kwa ubavu. Kichwa kilichoteleza kidogo huweza kuonekana sawa kwenye picha ya mbele, kikajionyesha kwenye ile ya ubavu. Na upande mzima ndio kipimo cha kulinganishia. Kwa usaha, ultrasaundi huonyesha maji ndani ya kiungo mapema kuliko eksirei, na damu hupimwa pia. Picha ya goti ikirudi safi na mtoto bado anachechemea, safari ya uchunguzi haijaisha. Rudi, uliza tena. Kama hospitali yako haina daktari wa mifupa, omba rufaa mapema kwenda hospitali ya mkoa, au kwenye hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando Mwanza.

Leo mtoto akipandishwa kitandani kwangu kwa ajili ya goti, mkono wangu wa kwanza unakwenda kwenye paja, naizungusha nyonga taratibu, nikimtazama usoni. Wazazi wengine hunishangaa. "Dokta, ni goti," wananisahihisha. Nawajibu kwamba nimesikia, goti nalo nitalipima, halafu naendelea na nyonga.